Kansa ya mlango wa kizazi: namna virusi vinavyomwondoa mlinzi wa seli

Kila seli ya mwili iko na usafi wake. Proteini iliyochakaa inatiwa alama, kisha inapelekwa kwenye mtambo mdogo unaoikatakata. Alama hiyo inaitwa ubikwitini. Zinazochagua nani atiwe alama ni proteini zingine, ligazi za ubikwitini, na mwili wa mtu uko nazo zaidi ya 600. Aaron Ciechanover na Avram Hershko wa Israeli, pamoja na Irwin Rose wa Marekani, walipewa tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2004 kwa kugundua njia hiyo.

Hatari inaanza pale mchaguzi anapodanganywa. Mdanganyifu hapa ni HPV, virusi vinavyoambukizwa kwa njia ya ngono. Mjerumani Harald zur Hausen na wenzake walikuta aina ya 16 ndani ya kansa ya mlango wa kizazi mwaka 1983. Aina hiyo na ya 18 zinaleta karibu asilimia 70 ya kansa hizo.

Ndani ya seli, virusi vinatengeneza proteini E6, ambayo inashika ligazi iitwayo E6AP na kuielekeza kwa p53. Na p53 ndiyo mlinzi: inasimamisha seli iliyoharibika isizaane, ama inaiamuru ife. E6AP peke yake haina ugomvi nayo. Ikiisha kushikwa na E6, inaitia alama, na mlinzi anatupwa kama takataka. Ni kama jambazi kumtuma askari akamkamate askari mwenzake. Seli zenye kasoro zinabaki bila wa kuzizuia.

Kuna ligazi zilizogeuzwa kuwa msaada. Dawa ya lenalidomidi inatumia moja, serebloni, kuangamiza proteini zinazolisha mieloma, kansa ya uboho wa mifupa. Kwa E6 wachunguzi bado wanatafuta; mama mgonjwa anatibiwa kwa upasuaji, miale na kemoterapi.

Lakini kansa hii haina haraka. Kwa mwanamke mwenye kinga nzuri inachukua mara nyingi miaka 15 hadi 20. Kwa anayeishi na VVU inaweza kuwa 5 hadi 10. Chanjo, ambayo OMS inashauri kwanza kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, inazuia virusi kuingia, haiponyeshi aliyekwisha kuambukizwa. Huyo anahitaji kupimwa, na kuna kipimo kisichohitaji laboratware: muuguzi aliyefundishwa anapaka siki iliyopunguzwa kwenye mlango wa kizazi, anangoja dakika moja hivi, na sehemu yenye mashaka inageuka nyeupe.