Tijara ya Vifaru Vidogo, na Magari ya Waya ya Bariadi

Ipo bidhaa moja ambayo mtu aweza kuzunguka maduka yote ya Bariadi na minada yote ya Itilima, Maswa na Meatu asiione, nayo huko iliko imewatajirisha watu na kuwafilisi wengine: kifaru cha vita cha plastiki, kilichopunguzwa hata kikawa sehemu 1 katika 35 ya ukubwa wake wa kweli, kikauzwa vipande vipande ndani ya boksi ili mnunuzi akiunganishe mwenyewe kwa gundi, akipake rangi, kisha akiweke kabatini na kukitazama. Mteja wake si mtoto. Aghalabu ni mwanamume wa makamo, au aliyekwisha kuota mvi, mkazi wa Japani, Ulaya au Marekani, mwenye chumba cha ziada, taa nzuri ya mezani na subira isiyo haba. Mfanyabiashara wa Simiyu anayepima pamba, dengu na ng'ombe aweza kuuliza habari hii yamhusu nini. Nami namjibu kwamba biashara isiyosimama juu ya haja yoyote ya mwili, ila juu ya matamanio matupu, huonyesha waziwazi kuliko biashara ya unga au ya mafuta jinsi matamanio yanavyohama na jinsi fedha inavyoyafuata.

Kampuni iliyoweka msingi wa tijara hii ilianza na magogo. Mwaka 1946, katika mji wa Shizuoka nchini Japani, Yoshio Tamiya alianzisha kiwanda cha kupasua mbao, na kando ya mbao za kujengea akaja akauza mifano ya meli na magari ya mti. Lakini katika miaka ya 1950 mifano ya plastiki kutoka ng'ambo ikaingia kwa kishindo, ile ya mti ikadoda, na kampuni ikalazimika ama kujifunza kumimina plastiki katika kalibu za chuma ama kufunga mlango. Kifaru chao cha kwanza cha kutajika, Panther cha Wajerumani, kilitoka mwanzoni mwa miaka ya 1960 chini ya uangalizi wa mwanawe, Shunsaku Tamiya, na ukubwa wake haukutokana na hesabu za wahandisi: kilifanywa kiwe na nafasi tumboni ya kutosha mota na betri, na walipokuja kukipima baadaye wakakuta ni karibu 1 kwa 35. Kipimo hicho kilichozaliwa na betri ndicho leo sharia ya soko zima, na makampuni ya China, Korea, Taiwan, Italia na Ukraine hukifuata kana kwamba kiliteremshwa.

Katika zama hizo kilichonunuliwa hasa kilikuwa mwendo. Mtoto alitaka kifaru kiparamie vitabu na mito ya kulalia, kipinduke, kiendelee. Wala hakuhesabu misumari ya deraya yake. Uingereza nayo ilikuwa na Airfix, iliyouza vifaru vidogo zaidi, vya 1 kwa 76, kwa bei ambayo mtoto aliweza kuilipa kwa posho yake. Kisha hirimu ile ya watoto ikakua, na ajabu ni kwamba haikuacha kununua, ila ilibadili inachokitaka. Mwaka 1968 Tamiya ilianzisha mfululizo wa askari na zana za vita za 1 kwa 35, na kidogo kidogo mota ikaachwa nje ya boksi, mahali pake pakashikwa na uhakika wa umbo. Shunsaku mwenyewe alisafiri hadi kwenye makumbusho ya Aberdeen, huko Maryland nchini Marekani, kupiga picha na kupima vifaru vya kweli. Athari ya mageuzi hayo ingaliko kwa anayenunua leo boksi la toleo la zamani lililochapwa upya: akikigeuza kifaru tumbo juu atakuta matundu ya swichi na ya parafujo za mota, yasiyo na kazi tena, ambayo fundi makini huyaziba kwa vipande vya plastiki na kuyasugua kwa msasa mpaka yasijulikane. Kalibu ya chuma ni rasilmali ghali mno, na mwenye nayo haitupi kwa sababu tu ladha ya wateja imegeuka. Airfix, iliyowategemea watoto zaidi, ilifilisika mwaka 1981. Ikanunuliwa, ikauzwa tena, na mmiliki wake Humbrol alipoanguka mwaka 2006 ikaishia mikononi mwa Hornby, watengenezaji wa treni za kuchezea.

Mageuzi ya pili yaliletwa na China. Tangu kampuni ya Dragon ya Hong Kong ilipoanza mwaka 1987, ikafuatwa na Trumpeter, na baadaye Meng na Takom, gharama ya kuchonga kalibu ilishuka, na kilichoshuka pamoja nayo ni hofu ya kutengeneza kifaru kisichojulikana. Hapo kabla rafu zilikuwa za vifaru vya Wajerumani wa Hitler, kwa kuwa ndivyo vilivyouzika bila wasiwasi. Na hata leo, lazima tuseme kweli, Tiger na Panther ndivyo vinavyolipa mishahara. Walakini miaka mia ya Vita Kuu ya Kwanza ilipowadia, mwaka 2014, vikatokea vifaru vya kale vya Waingereza na Wafaransa ambavyo miaka 20 nyuma hakuna mkurugenzi angethubutu kuviwekea fedha. Kisha ikawa zamu ya vifaru vya Kirusi vya baada ya 1945, na zamu ya vile ambavyo havikupata kuundwa kabisa, vilivyobaki michoro katika makabati ya jeshi. Vijana waliovijua vifaru hivyo vya michoro kwa kucheza World of Tanks, mchezo wa kompyuta uliotoka 2010, ndio waliokwenda dukani kuviulizia, na wazee wakaguna.

Msomaji wa Tanzania ana sababu yake mwenyewe ya kuyatazama mageuzi hayo. Kampuni ya MiniArt ya Kyiv imetoa jamii nzima ya T-54 na T-55 kwa matoleo mengi, na miongoni mwa matoleo hayo mna Type 59, ndugu yake wa Kichina. Na Type 59 ndicho kifaru ambacho Jeshi la Wananchi lilikuwa nacho Lukaya mwezi Machi 1979, katika vita vilivyoanza kwa uvamizi wa Kagera na kufikia kutekwa kwa Kampala tarehe 11 Aprili. Hivyo basi yawezekana usiku huu yupo mtu mjini Osaka, asiyejua Kagera iko upande gani wa ramani, anayebandika magurudumu matano kila ubavu wa chombo ambacho mgambo waliotoka vijijini mwetu walikifuata kwa miguu. MiniArt na mwenzake ICM, naye wa Kyiv, hawakuacha kusafirisha bidhaa baada ya Februari 2022, na wapenzi wengi wa Ulaya walinunua maboksi yao kwa makusudi ya kuwaunga mkono; wakati huohuo maboksi ya Zvezda ya Urusi yaliadimika katika maduka yao, mengine kwa vikwazo vya malipo, mengine kwa sababu mwenye duka hakutaka kuonekana nayo.

Lakini jambo linalostahili kukaliwa na mwanauchumi ni lile la mambo ya ndani. Yako sasa maboksi yanayouzwa na vyombo vyote vya tumboni mwa kifaru: injini, gia, viti, redio, risasi za mzinga zilizopangwa safu kwa safu, jumla ya vipande zaidi ya 1,000, hali boksi la kawaida la Tamiya lina vipande 200 au 300. Minyororo nayo, ambayo zamani ilikuwa utepe mmoja wa mpira uliochomwa ncha kwa kisu cha moto zikashikana, sasa huja kiungo kimoja kimoja, pengine 90 kila upande, kila kimoja kikatwe, kisafishwe, kiungwe. Na akiisha kumaliza kazi ya wiki nyingi, fundi hulifunika tumbo lile kwa kipaa chake, na vyote alivyovilipia havionekani tena. Boksi la namna hiyo hupita dola 60, yaani zaidi ya shilingi 150,000. Kwa bei elekezi ya pamba ya msimu wa 2023, iliyokuwa shilingi 1,060, hiyo ni pamba ya kilo 140 hivi, iliyopaliliwa, ikachumwa, ikabebwa hadi kwenye mizani ya chama cha msingi. Sisemi haya kwa kumdhihaki mnunuzi. Nasema kwamba anachokinunua si kifaru. Ananunua saa za kazi ya mikono, na kadiri boksi linavyompa taabu zaidi ndivyo anavyoridhika kulilipia zaidi, jambo lililo kinyume cha kila tunachoamini kuhusu bidhaa za viwandani.

Kutoka hapo ilikuwa hatua fupi kuuza uchafu. Kampuni za Hispania, AK Interactive na Ammo, zimejenga biashara nene juu ya vichupa vya kutu, vumbi, mafuta yaliyomwagika na matope, matope ya Urusi mbali na matope ya Ulaya, vumbi la Afrika mbali na vumbi la mjini. Maana kifaru safi siku hizi ni dalili ya fundi mchanga. Mkulima wa Bariadi ambaye gari limemkwama katika mbuga nyeusi wakati wa masika, akiambiwa kuna watu wanaagiza matope kwa posta, atadhani anafanyiwa mzaha. Faida hapo, hata hivyo, si mzaha: kalibu haihitajiki, kichupa huisha, mteja hurudi.

Mashine za kuchapa vitu kwa resini zimeanza kumnyima usingizi mwenye kalibu, kwa kuwa mtu mmoja aliye na mchoro aweza kujichapia mnyororo au mzinga nyumbani. Hilo bado changa.

Sasa tugeuke tutazame nyumbani, ambako ufundi wa jamii hii upo lakini tijara haipo. Kabla ya mkoa wa Simiyu kuundwa mwaka 2012, na kabla hata ya lami ya Lamadi, watoto wa Usukuma walifinyanga ng'ombe wa udongo, wakakausha juani mifugo mizima yenye madume na ndama, wakajenga mikokoteni ya mabua ya mtama. Na magari yalipozoeleka wakayaunda kwa waya. Gari la waya si kitu duni kwa mwenye macho. Fremu hukunjwa kwa waya mnene, ikafungwa kwa mwembamba, bila kulehemu wala gundi. Magurudumu hukatwa katika soli za kandambili zilizochoka, au huwa vifuniko vya chupa. Ekseli ya mbele huunganishwa na uti mrefu wenye usukani juu yake, ili dereva aliye wima, anayekimbia nyuma ya gari lake, akikata kona magurudumu yakate kona kwelikweli. Yaani mtoto wa Bariadi yuko pale alipokuwa mteja wa Tamiya katika miaka ya 1960: anataka mwendo. Kifaru hakiundi, kwa kuwa hakioni kikipita, huunda kipitacho. Palikuwa na zama za malori ya pamba, matela yakiwa marefu kuliko muundaji, yakaja mabasi, na tangu ujenzi wa barabara za kwenda Lamadi na Maswa yakaonekana magreda na makatapila yenye koleo linalonyanyuka, na pikipiki zisizo na idadi. Ladha hapa hubadilishwa na barabara, kama kule inavyobadilishwa na sinema na michezo ya kompyuta.

Na ladha hiyo imeingiliwa. Magari ya plastiki ya China, yaliyokwisha unganishwa, hupatikana katika kila genge la mnada, na mzazi aliyeuza mbuzi humnunulia mtoto moja bila kufikiri mara mbili. Likivunjika juma la pili halitengenezeki, maana halikuundwa na mtu anayejulikana. Waya nao umepata mshindani katika biashara ya chuma chakavu, ambaye hupima kila kipande kwa kilo na kulipa papo hapo. Kwa hiyo fundi mdogo amebanwa pande mbili: bidhaa yake ina mbadala rahisi, na malighafi yake ina mnunuzi mwingine.

Sidhani kwamba jawabu ni kuwalinda watoto na plastiki. Nionavyo mimi, kosa la hesabu ni kudhani mnunuzi wa gari la waya ni mtoto, ilhali soko la vifaru limekwisha tuonyesha kwamba mwenye kulipa vizuri ni mtu mzima anayethamini mkono uliofanya kazi. Mtu huyo hupita Simiyu. Lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti liko jirani na Lamadi, katika barabara kuu ya Mwanza na Musoma, na wageni wanaolitumia hununua vinyago vilivyochongwa mbali na hapa, huku vijiji vya nyuma ya barabara vina mafundi wa waya wasiojua kwamba ni mafundi. Zimbabwe na Afrika Kusini zimekuwa zikiwauzia wageni kazi za waya kwa miaka mingi, na hakuna aliyehitaji kalibu ya chuma wala umeme wa kiwanda kuanza.

Mkoa huu umewahi kujaribu jambo la namna hiyo kwa mafanikio yasiyo haba: chini ya kauli ya wilaya moja, bidhaa moja, vijana wa Maswa walitengeneza chaki, wa Meatu wakasindika maziwa, na bidhaa zao zikaonekana na taifa zima Nane Nane ilipofanyika kitaifa Nyakabindi mwaka 2018, 2019 na 2020. Tofauti ni kwamba chaki ilikuwa na mnunuzi anayejulikana kabla haijatengenezwa, nayo ni shule. Gari la waya litahitaji mtu wa kati, mwenye duka la Lamadi au wakala wa utalii wa Mwanza, atakayekubali kuagiza malori 50 yanayofanana, na kundi la vijana wenye koleo nzuri na mtu wa kukagua vipimo, kwa maana fundi aliyezoea kujiundia mwenyewe hajapata kufanya kitu kilekile mara mbili. Halmashauri zina mikopo ya asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na kikundi kinachoomba hutakiwa kuonyesha mpango wa biashara. Kikundi cha waya kitakachokwenda na oda iliyosainiwa na mwenye duka kitasikilizwa upesi kuliko kitakachokwenda na sampuli peke yake.