Si Kila Damu ya Choo ni Bawasiri: Funzo la Melanoma ya Njia ya Haja Kubwa

Mkulima wa alizeti aliyevuka miaka hamsini, mkazi wa kijiji kimojawapo cha Mungaa mkoani Singida, anaona damu mbichi anapojisaidia. Hasikii maumivu makali. Kwa kuwa jambo lenyewe ni la aibu, anamweleza dada yake peke yake, na dada anamjibu kwa neno ambalo kila mtu analijua: bawasiri. Ananunua dawa ya mitishamba mnadani. Damu inapungua, kisha inarudi. Baada ya miezi minne anakwenda zahanati, anaulizwa maswali mawili, anapewa dawa ya kulainisha choo na ya kupaka, anarudi shambani. Mwezi wa nane kinyama cheusi kinaanza kutokeza kila anapokwenda haja. Mwezi wa kumi anafika hospitalini akiwa amekonda, na mitoki imevimba kwenye kinena. Katika miezi yote hiyo hakuna mhudumu aliyempima kwa kidole.

Mama huyu si mgonjwa fulani mmoja. Ni mfano uliojengwa kutokana na njia ambayo wagonjwa wa aina hii hupitia mara nyingi, Tanzania na kwingineko duniani. Ugonjwa wake unaitwa melanoma ya njia ya haja kubwa. Ni saratani adimu kiasi kwamba daktari anaweza kufanya kazi miaka mingi asikutane nayo hata mara moja. Lakini kosa linalouficha, yaani kuita kila damu bawasiri bila kupima, hutokea kila siku, na huficha pia saratani nyingine zilizo nyingi zaidi.

Saratani isiyotokana na jua

Melanoma huanzia katika seli zinazotengeneza melanini, rangi inayoipa ngozi weusi wake. Wengi huijua kama saratani ya ngozi ya watu weupe wanaounguzwa na jua. Kwa hiyo hata baadhi ya watumishi wa afya hudhani kwamba Mwafrika ameepushwa nayo. Dhana hiyo ina ukweli nusu tu. Melanini huikinga ngozi nyeusi dhidi ya miale ya jua, lakini melanoma za Waafrika kwa kawaida hutokea mahali ambapo jua halina kazi: kwenye unyayo, chini ya kucha, na kwenye utando laini wa ndani ya mwili. Mwanamuziki Bob Marley, aliyefariki mwaka 1981 akiwa na umri wa miaka 36, aliuawa na melanoma iliyoanzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu.

Seli za rangi zipo pia kwenye mfereji wa haja kubwa, hasa karibu na mpaka ambapo ngozi hukutana na utando wa rektamu, sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Zikigeuka kuwa saratani, uvimbe huota hapo hapo, pahali ambapo bawasiri nayo huota. Ugonjwa huu ulielezwa katika maandishi ya kitabibu tangu mwaka 1857. Hadi leo huchukua takriban asilimia moja au pungufu ya saratani zote za eneo hilo. Huwapata zaidi watu wa makamo na wazee, wanawake kidogo zaidi kuliko wanaume.

Namna unavyojificha

Dalili ya kwanza mara nyingi ni damu. Hufuatiwa na kinyama kinachotokeza, maumivu, muwasho, au hisia kwamba haja haijaisha hata baada ya kujisaidia. Zote ni dalili za bawasiri pia. Uvimbe ukiwa mweusi, macho hudanganyika kwa namna nyingine, kwa sababu bawasiri iliyogandiwa na damu ndani yake nayo huwa ya buluu iliyokoza au nyeusi. Tofauti huonekana katika mwenendo wake: bawasiri iliyoganda huanza ghafla kwa maumivu makali, kisha husinyaa ndani ya siku chache hadi wiki mbili au tatu. Melanoma haisinyai, bali huendelea kukua.

Pamoja na hayo, rangi nyeusi si kigezo cha kutegemewa. Kati ya wagonjwa kumi, wawili hadi watatu huwa na uvimbe usio na rangi, wenye wekundu kama wa nyama ya kawaida. Huyu hawezi kutambuliwa kwa macho hata na bingwa. Baadhi ya wagonjwa hufanyiwa upasuaji wa bawasiri, nyama iliyokatwa ikatupwa, kisha uvimbe ukarudi baada ya miezi michache ukiwa tayari umesambaa kwenye tezi, ini au mapafu.

Kidole kabla ya kipimo kingine

Kipimo cha kwanza hakihitaji umeme wala mashine. Kinahitaji glovu, mafuta ya kulainisha, taa, na faragha. Mgonjwa hulala kwa ubavu wa kushoto, magoti yakikunjwa kuelekea kifuani, na hufunikwa shuka. Awepo mtumishi mwingine wa jinsia ya mgonjwa. Kabla ya lolote, mgonjwa aelezwe na akubali. Maneno machache yenye heshima hufungua mlango: "Shikamoo mama. Ili nijue damu hii inatoka wapi, nitalazimika kukupima njia ya haja kubwa kwa kidole. Haitachukua hata dakika mbili. Ukisikia maumivu niambie, nitaacha."

Mtumishi wa zahanati akumbuke jambo moja: bawasiri ya ndani ambayo haijaganda kwa kawaida haihisiwi kwa kidole, kwa kuwa ni laini na husinyaa ikibonyezwa. Kwa hiyo kidole kikigusa donge gumu, lisilobonyea, au lililoshikamana na ukuta wa utumbo, hiyo si bawasiri ya kawaida, na mgonjwa apewe rufaa siku hiyo hiyo. Baada ya kidole, kinena nacho kipapaswe pande zote mbili, kwani tezi zake hupokea maji ya limfu kutoka mfereji wa haja kubwa. Penye proktoskopu, uvimbe utazamwe kwa mwanga.

Hata kidole kisipogusa kitu, wapo wasiopaswa kurudishwa nyumbani na dawa ya kupaka pekee: mwenye umri wa miaka 40 au zaidi anayetokwa na damu kwa mara ya kwanza, aliyepungua uzito, mwenye upungufu wa damu, ambaye choo chake kimebadilika kwa wiki kadhaa, au ambaye dawa za bawasiri hazikumsaidia ndani ya wiki nne. Hawa wahitaji kuchunguzwa utumbo mpana kwa kamera.

Kipande cha nyama kisitupwe

Jina la ugonjwa hutolewa na maabara ya patholojia. Daktari hukata kipande kidogo cha uvimbe, na mtaalamu hukitazama kwa hadubini. Kwa melanoma isiyo na rangi, hadubini ya kawaida inaweza kuichanganya na saratani nyingine, na hapo huhitajika rangi maalumu za kingamwili, kama S-100, HMB-45 na Melan-A, ambazo hupatikana katika maabara kubwa.

Hospitali ya Makiungu, iliyoanzishwa Mungaa na masista wa Medical Missionaries of Mary katika miaka ya 1950, huhudumia vijiji vya eneo hilo na vya mbali. Kwa hospitali ya vijijini kama hiyo, sampuli inayohitaji maabara kubwa husafiri mwendo mrefu, na usalama wake hutegemea mambo madogo. Nyama iwekwe mara moja kwenye fomalini ya asilimia 10, si maji ya chumvi wala spiriti. Fomalini iwe nyingi, walau mara kumi ya ujazo wa nyama, katika chupa yenye mdomo mpana. Jina liandikwe kwenye chupa yenyewe, si kwenye kifuniko. Fomu itaje umri, mahali uvimbe ulipo, rangi yake, na muda tangu dalili zilipoanza. Neno "bawasiri" likiandikwa peke yake kwenye fomu, humpeleka msomaji wa hadubini upande usio sahihi. Tena, nyama yoyote inayotolewa katika upasuaji wa bawasiri, hata ikionekana ya kawaida, ni busara ipelekwe maabara.

Tiba na ukweli wake

Jibu likithibitishwa, hatua inayofuata ni kujua saratani imefika wapi. Picha ya CT ya kifua, tumbo na nyonga ndiyo bora. Isipokuwepo, eksirei ya kifua na altrasaundi ya ini hutoa mwanzo mzuri. Kutoka Mungaa, njia ya rufaa hupita Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Singida, kisha huelekea Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma, Bugando jijini Mwanza, au Muhimbili na Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam.

Uvimbe ukiwa haujasambaa, tiba kuu ni upasuaji, na kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuukata pamoja na nyama salama inayouzunguka, huku mgonjwa akibaki na njia yake ya haja. Ya pili ni kuondoa rektamu na mkundu wote, na mgonjwa kujisaidia maisha yake yote kupitia tundu lililofunguliwa tumboni, kwenye mfuko. Njia ya pili hupunguza uwezekano wa uvimbe kurudi mahali pale pale. Hata hivyo, tafiti nyingi hazikuonyesha kwamba wanaofanyiwa hivyo huishi muda mrefu zaidi. Kwa hiyo, pale inapowezekana kuukata uvimbe wote kwa njia ndogo, wapasuaji wengi huchagua hiyo. Kwa mkulima anayeteka maji kisimani na ambaye mifuko ya kolostomi ataipata mjini tu, uamuzi huo unagusa kazi, ndoa na heshima yake. Yafaa auamue yeye baada ya kuelezwa yote.

Mionzi huweza kusaidia kuzuia uvimbe kurudi au kupunguza damu na maumivu. Dawa za zamani za tibakemikali, kama dakabazini, hazina nguvu kubwa dhidi ya ugonjwa huu. Tangu mwaka 2011 zimetokea dawa zinazoamsha kinga ya mwili ili iishambulie saratani. Wagunduzi wa msingi wake, James Allison na Tasuku Honjo, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2018. Zimewapa baadhi ya wagonjwa wa melanoma miaka ambayo hawakuitarajia, ingawa melanoma ya utando wa ndani huitikia kidogo kuliko ile ya ngozi, na bei yake huwashinda wengi.

Ukweli mchungu usifichwe: kwa jumla, chini ya mgonjwa mmoja kati ya watano huwa hai miaka 5 baada ya kugunduliwa, na sababu mojawapo kubwa ni kuchelewa. Kwa waliochelewa, tiba shufaa ni tiba kamili. Morfini ya maji hutuliza maumivu, vidonda husafishwa visitoe harufu, na familia hupewa mtu wa kuzungumza naye. Ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali iulizwe mapema kuhusu msamaha wa gharama na nauli.

Neno kwa mgonjwa

Aonaye damu asihofu kwamba ana saratani, wengi hawana. Lakini aende kituoni, na akifika aseme wazi: imeanza lini, ina rangi gani, ametumia dawa zipi. Akipewa dawa bila kupimwa, ana haki ya kuuliza kwa adabu, "Daktari, hukunipima, tutajuaje kuwa ni bawasiri?" Akifanyiwa upasuaji, aulize nyama yake imepelekwa maabara ipi na majibu yatatoka lini.

Mama wa mfano alipita mikononi mwa watu watatu kabla ya kufika hospitalini: dada, muuza mitishamba na mhudumu wa zahanati. Dada na muuza mitishamba hawakuwa na namna ya kujua. Mhudumu wa zahanati alikuwa na glovu mezani.