Kipanya Kipimwe kwa Mkono

Hakuna fundi wa majahazi katika pwani yetu, tangu Kivinje hadi Lindi, atakayeridhika na tezo ambayo mpini wake umechongwa bila kuujali mkono wake. Ataushika, ataupima, atapunguza hapa na pale mpaka ukae. Nasi tuliosoma chuoni kabla ya kuingia shule ya serikali tunaikumbuka kalamu ya mwanzi: ncha yake ilikatwa kufuata mkono wa mwandishi, na aliyeazima ya mwenzake alijulikana kwa hati yake mbaya. Inashangaza basi kwamba kifaa ambacho karani hukishika kutwa nzima, yaani kipanya cha kompyuta, hununuliwa kwa jumla bila mtu kuulizwa mkono wake ukoje.

Wapo watakaosema kuwa tunapoteza wino wa gazeti kwa jambo dogo. Hatukubaliani nao. Leo malipo ya serikali hupita katika mfumo wa MUSE, na tangu mwaka 2023 zabuni hupita katika NeST. Mwananchi wa Songo Songo aliyevuka bahari hadi Kilwa Masoko, na ambaye hana budi kurejea kabla upepo haujageuka, humngoja mtumishi mmoja mbele ya kompyuta moja. Mtumishi huyo akiwa kila mara anaachia kipanya ili aukande mkono unaouma, shughuli huchelewa na mashua huondoka.

Taifa letu halikuzipokea mashine hizi kwa haraka. Mwaka 1974, mwaka uleule gesi ilipogunduliwa Songo Songo, serikali ilizuia uingizaji wa kompyuta nchini. Zuio hilo lilikwisha zamani, na kompyuta zimetufikia pamoja na maumivu yake. Kipanya chenyewe kilikuwa kimekwisha kuzaliwa Marekani mwaka 1964, katika taasisi ya utafiti ya Stanford: Douglas Engelbart alikibuni, Bill English akakitengeneza. Kilikuwa kijisanduku cha mti chenye magurudumu mawili chini yake. Kazi ya seremala, kwa kweli.

Mwenye kuchagua na aanze na ukubwa. Aweke kiganja juu ya kipanya: vidole vifike kwenye vitufe bila kujikunja kama makucha wala kunyooshwa, na kifundo cha mkono kibaki kimenyooka. Vile vidogo vinavyotengenezwa ili viingie mkobani havimfai mwenye kiganja kipana anayefanya kazi saa nane.

Vipo pia vipanya vya kusimama, ambavyo huushika mkono ukiwa umekaa kama wa mtu anayemwamkia mwenzake kwa kupeana mikono. Kipanya cha kawaida hulaza kiganja kifudifudi na kuupinda mkono toka kiwikoni. Hiki cha kusimama hupunguza mpindo huo, na wengi hupata nafuu. Lakini tusidanganywe na wachuuzi wanaokiita dawa. Watafiti waliowapima mwaka 2015 wagonjwa wenye mshipa wa fahamu uliobanwa kwenye kifundo cha mkono waliona kwamba kipanya hicho kilibadili mkao wa kifundo, ila hakikupunguza mgandamizo ndani yake. Mwenye vidole vinavyokufa ganzi usiku aende hospitali, si dukani.

Wale wa mkono wa kushoto, ambao ni kama mtu mmoja katika kila kumi, ndio waliosahauliwa kabisa. Adabu ya kula kwa mkono wa kulia tunaijua na tunaiheshimu, lakini kipanya si tonge. Kipanya kilichochongwa kwa kiganja cha kulia ni adhabu kwa mtu huyo. Apewe kilicho sawa pande zote mbili, kisha vitufe vibadilishwe ndani ya kompyuta, kazi isiyogharimu hata senti moja.

Mahali pa kukiweka nako kuna maana. Kiwe karibu na kibodi, kimo kimoja nayo, kiwiko kikae karibu na mbavu. Kwenye meza ya kioo vipanya vingi vya mwanga hupotea njia, na kipande cha karatasi chini yake hutosha. Kwa ofisi za visiwani tungependelea chenye waya, maana kisicho na waya hudai betri, na betri nayo ni safari.

Ndugu zetu wa ugavi watuelewe. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 imemtwisha mwajiri wajibu wa kulinda afya ya mfanyakazi, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulioanza kazi mwaka 2015 upo kwa ajili ya wanaougua kwa sababu ya kazi. Kumlipa aliyekwisha umia ni ghali kuliko kumuuliza mapema. Kuandika kwenye maombi "vipanya, idadi kadhaa" hakutoshi. Vinunuliwe kwanza vitatu au vinne vya namna mbalimbali, vizunguke ofisini wiki moja moja, kila mtumishi aandike kilichomkaa na mkono anaoutumia. Mwaka wa fedha huanza Julai, na orodha za mahitaji huandaliwa miezi kadhaa kabla. Karatasi hiyo ya majina na mikono iambatanishwe nazo.