Istilahi za Kumwarifu Mwenzi Juu ya Hatari ya Maambukizo

Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inamtaka mtu aliyepimwa na kujua kuwa ana virusi vya UKIMWI amwarifu mara moja mumewe, mkewe au mwenzi wake wa kujamiiana. Wajibu huo hutimizwa kwa maneno. Maneno yakikosewa, taarifa iliyokusudiwa kuokoa maisha huweza kuvunja nyumba bila kumfikisha mtu kwenye kipimo. Hivyo hatuna budi kuyapima.

(a) Anayearifiwa. Wafasiri wengine huandika "jamaa" au "ndugu wa karibu". Katika milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, maneno hayo hupotosha. Waluguru hufuata ukoo wa mama, na kwa desturi mtu haoi katika ukoo wake; kwa hiyo mume na mke ni wa koo mbili. Mume aliyeambiwa "waarifu ndugu zako" aweza kwenda kwa mjomba wake, na mkewe aliye hatarini asisikie lolote. Neno "mwenza" nalo lina utata, kwani wengi huelewa mke mwenza. Tunapendekeza "mume" au "mke" panapohusika ndoa, na "mwenzi wa kujamiiana" kwa wasiooana.

(b) Kitendo. "Kutangaza" ni kuwaambia watu wote. "Kufichua" hudokeza kuumbuana. Sheria hiyo hiyo hulinda siri ya majibu ya kipimo. "Kuarifu" latosha, maana habari humfikia anayehusika tu.

(c) Habari yenyewe. Hapa ndipo kosa huwa zito. Kuwa katika hatari ya kuambukizwa si kuambukizwa. Wako wanandoa walioishi pamoja kwa miaka, mmoja ana virusi na mwingine hana. Mfasiri anayeandika "umeambukizwa" ametoa hukumu ambayo hata daktari hawezi kuitoa kabla ya kipimo. Aandike: "Huenda uliambukizwa; tafadhali fika kituo cha afya upimwe."

Kanuni hii yafaa pia kwa kaswende na kisonono. Kwa kifua kikuu, ambacho huenea kwa hewa, waarifiwa ni wote waishio na mgonjwa, wala si mwenzi peke yake.

Tunawashauri wafasiri na watumishi wa serikali, kabla ya kuchapa taarifa ya namna hii, wamsomee mtu asiyeijua sheria, kisha wamwulize mambo mawili: nani aarifiwe, na afanye nini? Akijibu sawasawa, istilahi zimefaa.