Posho ya serikali: haki ya mlemavu, jasho la mlezi na upweke wa mzee

Ndugu wasomaji, Ijumaa ya leo tumekusudia kuzungumzia jambo lililomo katika nyumba zetu nyingi lakini halisemwi barazani. Hubakia chumba cha ndani. Nalo ni hali ya watu wa aina tatu: mwenye ulemavu asiyeweza kujitegemea, ndugu anayemlea usiku na mchana, na mzee anayeishi peke yake baada ya watoto kutawanyika. Je, dola ina wajibu gani kwao? Na sisi jamaa zao tunabakiwa na wajibu gani baada ya dola kutoa chake?

Si jambo geni

Wako miongoni mwetu wanaodhani kuwa posho ya serikali kwa wasiojiweza ni fikra iliyoletwa na Wazungu. Historia haikubaliani nao. Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.) ndiye aliyeanzisha diwani, yaani daftari la majina ya wanaolipwa kutoka Baitul Mali. Imamu Abu Yusuf, katika Kitabul Kharaj, amesimulia kuwa Umar alimkuta mzee kipofu wa Kiyahudi akiombaomba. Akamchukua hadi nyumbani kwake, akampa alichokuwa nacho, kisha akamwagiza mtunza hazina amwangalie mzee huyo na wote walio mfano wake, na wasitozwe jizya.

Al-Walid bin Abdulmalik, aliyetawala kutoka mwaka 705 hadi 715, naye ametajwa na mwanahistoria at-Tabari kuwa aliwapangia wagonjwa wa ukoma posho ili wasiombe watu, akampa kila asiyejiweza viungo mtumishi, na kila kipofu mtu wa kumwongoza. Tuizingatie habari hii. Mtawala huyo hakuishia kwenye fedha tu. Alitambua kuwa asiyeona anahitaji pia mkono wa kushika, na kwamba mwenye mkono huo naye ana gharama. Mlezi aliingizwa katika hesabu ya dola.

Yanayotolewa katika nchi zetu

Tuje katika zama zetu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu ulipitishwa mwaka 2006. Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009. Ibara yake ya 28 inaitaja hifadhi ya jamii kuwa ni haki. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 43, nayo inaitaka Serikali iwape hifadhi wasioweza kujikimu wao na wanaowategemea. Tanzania ilitunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2010.

Kwa upande wa Kenya, chini ya mpango wa Inua Jamii, kaya yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa, anayehitaji uangalizi wa kudumu, ilipangiwa shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Mwaka 2018 mpango huo ulipanuliwa kwa wazee waliotimiza miaka 70. Zanzibar ilianza kulipa Pensheni Jamii mwezi Aprili 2016, shilingi 20,000 za Tanzania kwa kila mzee wa miaka 70 na zaidi, bila kuuliza kama ana mali au hana. Baadaye kiasi hicho kiliongezwa hadi shilingi 50,000. Tanzania Bara, TASAF ilianza Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini mwaka 2012, ambao walengwa wake huibuliwa kwanza katika mkutano wa kijiji au mtaa, kisha huhakikiwa kwa dodoso.

Ni kheri, na aliyefanya kheri hushukuriwa. Lakini kushukuru hakutuzuii kupiga hesabu. Shilingi 2,000 ukizigawa kwa siku 30 hupati hata shilingi 70 kwa siku. Mtoto asiyeweza kuketi wala kula mwenyewe anahitaji nepi, sabuni, chakula laini na nauli ya hospitali. Fedha hizo humsaidia, ila hazimtoshelezi. Na kiwango hicho kiliachwa pale pale kwa zaidi ya miaka kumi, ilhali bei za unga na mafuta hazikusimama.

Mlezi aliyesahauliwa

Katika mipango yetu hii, mlezi huandikishwa kama mpokeaji kwa niaba ya mwingine. Yeye mwenyewe hana fungu. Aghalabu ni mama, dada au binti aliyeacha shule, biashara au hata ndoa. Hana likizo, na akiugua hakuna wa kumpokea zamu.

Uingereza ilianza kulipa posho ya mlezi mwaka 1976, kwa yule anayemtunza mgonjwa saa 35 au zaidi kwa wiki. Hata hivyo mwanamke aliyeolewa alinyimwa, kwa hoja kuwa huyo angekaa nyumbani vyovyote iwavyo. Mwanamke mmoja, Jacqueline Drake, aliyeacha kazi yake mwaka 1984 ili amtunze mama yake, aliipinga hoja hiyo mpaka katika Mahakama ya Ulaya. Mwezi Juni 1986 mahakama ikampa haki, na wanawake walioolewa wakafunguliwa mlango.

Tumelitaja shauri hilo kwa sababu hoja iliyoshindwa kule bado inaishi kwetu. Tunasema, "Si yuko nyumbani tu huyo?" Kana kwamba kumgeuza mtu mzima kitandani kila baada ya saa chache si kazi! Nchi zetu zikipanua mipango yao, tungependa fungu la mlezi litajwe kwa jina lake.

Fedha hizi ni mali ya nani?

Hapa pana suala la kisheria linaloulizwa mara nyingi. Posho iliyotolewa kwa ajili ya mwenye ulemavu ni mali yake, na anayeipokea ni amini. Kuitumia kulipia madeni ya baba au karo ya watoto wengine, na mwenyewe analala kwenye godoro bovu, ni khiyana. Lakini je, mlezi fukara asiguse kitu? Jibu tunalipata kwa kukisia na hukumu ya mali ya yatima katika Surat An-Nisaa, aya ya 6: msimamizi mwenye uwezo ajizuie, na aliye fukara ale kwa kadiri ya wema. Basi mlezi aliyeacha kazi yake kwa ajili ya mgonjwa, na hana njia nyingine, ana ruhusa ya kula kwa kiasi kinacholingana na huduma yake. Kipimo ni hiki: hali ya mgonjwa ionekane kuwa bora kwa kuwapo fedha hizo.

Suala la pili ni la zaka. Je, anayepokea posho ya serikali bado anastahiki zaka? Fakiri na maskini hutazamwa kwa kutoshelezwa kwao. Kama posho haimtoshi kwa mahitaji ya lazima, basi bado yumo katika wanaostahiki. Na mtoto mwenye uwezo asidhani kuwa pensheni ya mzazi imemwondolea nafaka. Wajibu wake uko pale pale.

Asiye na wa kumsemea

Aliye katika hatari kubwa zaidi ni yule anayeishi peke yake. Ikiwa majina hutajwa mkutanoni, nani atalitaja jina la kikongwe asiyeweza kutembea hadi mkutanoni? Ikiwa daktari wa hospitali ya serikali ndiye anayethibitisha ulemavu, nani atambeba mgonjwa hadi kwa daktari? Na kijana aliyefichwa na wazazi wake kwa kuona haya, ataandikwaje ilhali jirani hajui kuwa yupo? Tukumbuke kuwa Abdullahi bin Ummi Maktum (r.a.), kipofu, alikuwa mwadhini wa Mtume (s.a.w.) na aliachiwa usimamizi wa Madina zaidi ya mara moja. Hakufichwa na jamaa zake.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne yaliyo ndani ya uwezo wetu.

Kwanza, kila msikiti uwe na daftari la wasiojiweza na wakaao peke yao katika mtaa wake, wa dini yoyote, kama alivyofanya Umar kwa yule mzee.

Pili, kamati ya msikiti iteue mtu wa kuwafuatilia katika ofisi ya serikali ya mtaa, ya sheha au ya chifu, na kuwasaidia kupata vitambulisho, kwani asiye na kitambulisho hupata taabu kuandikishwa.

Tatu, jamaa wapeane zamu ya ulezi, walau siku moja kwa wiki, ili mlezi alale, aoge kwa utulivu na aende arusini au matangani kama watu wengine.

Nne, posho inapopokewa, ijulikane kwa mtu wa pili katika familia, na matumizi yake yaandikwe. Kuandika hakumvunjii heshima mtu mwaminifu, bali humkinga na dhana.

Ndugu wasomaji, kiongozi ni mchunga na ataulizwa alichokichunga. Nasi tulio na nyumba tutaulizwa vilevile. Anayemlilia mtawala kwa udogo wa posho ana haki ya kusema, ila naye ajiulize ni lini mara ya mwisho alibisha hodi kwa jirani yake mwenye ulemavu.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awape afya wagonjwa wetu, awape nguvu na malipo mema wanaowalea, na awape uliwazo wakaao peke yao. Wabillahi tawfiq.