Machozi ya Mfiwa Si Upungufu wa Imani

Oktoba 2015, mgodi wa wachimbaji wadogo uliporomoka Nyangalata, wilayani Kahama, mkoani Shinyanga. Tarehe 15 Novemba, baada ya siku 41 chini ya ardhi, wachimbaji watano walitolewa wakiwa hai. Walikuwa wameishi kwa kula mizizi na wadudu. Mwenzao wa sita alifia humo humo. Januari 2017, huko Nyarugusu mkoani Geita, watu 15 waliofukiwa waliokolewa baada ya siku kadhaa. Lakini Agosti 2025, watu 25 walipofukiwa katika mgodi wa Nyandolwa, Shinyanga, wengi wao hawakurudi hai, na kazi ya kuwatafuta ilichukua wiki nyingi.

Ni nani, katika ukanda huu, angethubutu kumwambia mke aliyeketi kando ya kifusi kwamba asitumaini tena? Hawezi kuomboleza, kwa kuwa hajazika. Hawezi kutulia, kwa kuwa hajui. Sisi tunaotibu afya ya akili tunaujua mzigo huo. Mwili usipopatikana, au ukichelewa, huzuni hukosa mlango wa kuingilia na wa kutokea.

Hata pale mazishi yanapofanyika kwa wakati, msiba huugusa mwili wote. Usingizi hupaa, chakula hukosa ladha, kifua hubana, akili husahau. Mfiwa aweza kuisikia sauti ya marehemu au kudhani amemwona njiani. Yote haya kwa kawaida si ugonjwa. Hayafuati ngazi moja baada ya nyingine. Huja kama mawimbi, nayo kwa walio wengi hupungua nguvu kadiri miezi inavyopita.

Kinachomwumiza mfiwa Mkristo zaidi, mara nyingi, ni maneno yetu. "Usilie, mwamini halii." "Kazi ya Mungu haina makosa." Msemaji hutaka kufariji, lakini msikilizaji huelewa kwamba machozi yake ni dhambi. Basi hulia gizani, na mchana hufika zahanati akilalamikia kichwa na tumbo.

Maandiko yenyewe hayafundishi hivyo. Injili ya Yohana yasimulia kwamba Yesu alilia kabla ya kufika kwenye kaburi la Lazaro, ilhali alijua kwamba punde angemfufua. Kumbe tumaini la ufufuo na machozi vyaweza kukaa katika moyo mmoja. Kitabu cha Zaburi nacho kimejaa maombolezo, na baadhi yake humwuliza Mungu waziwazi amejificha wapi. Mfiwa anayeuliza "kwa nini?" katika sala bado anasali.

Tuwatazame pia rafiki za Ayubu. Kwa siku saba walikaa naye chini bila kusema neno, nao walikuwa faraja. Walipoanza kueleza sababu za msiba wake ndipo walipomjeruhi. Jumuiya, kwaya na vikundi vya akina mama makanisani wana karama hiyo ya kukaa. Shida ni kwamba matanga yakianuliwa, watu hutawanyika, na mjane hubaki na ada za shule, madeni na ukimya. Mtembeleeni baada ya mwezi mmoja, baada ya miezi mitatu, na siku ya kumbukumbu. Litajeni jina la marehemu. Pelekeni unga, kisha msikilize.

Kwa wahudumu wenzangu nina ombi moja. Mgonjwa mwenye maumivu yasiyo na chanzo aulizwe kwa upole: "Je, umefiwa?" Tusikimbilie dawa za usingizi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2013 unashauri kwamba mfiwa asiye na ugonjwa wa akili asipewe diazepamu na dawa za jamii yake kwa sababu ya msiba. Anayetaka kusali aachwe asali, wala tusimlazimishe asiyetaka.

Hata hivyo, zipo dalili zisizopaswa kusubiri. Mfiwa akitaja kujiua au kutamani kumfuata marehemu, akiacha kula kabisa, akizama katika pombe, au akishindwa kuwatunza watoto, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Na huzuni kali isiyolegea baada ya miezi sita, inayomzuia kufanya kazi na kuishi na watu, yahitaji tathmini ya mtaalamu. Kwenda hospitali si kumwacha Mungu. Mchungaji na daktari waweza kumtunza mtu mmoja bila kugombana.

Kusonga mbele si kusahau. Mama anayeamka kupika uji wa watoto, akalia kidogo jikoni, akaufunika moto na kwenda shambani, ameshaanza safari. Tusimharakishe, wala tusimwache atembee peke yake.