Patriots walipotufungia maduka Kabuga

Jumapili ya Mei 16, 2021, nilifunga duka langu la mchele na kanga hapa Kabuga mapema, jambo ambalo sikulifanya hata siku ya harusi ya dada yangu. Sababu ilikuwa Patriots, timu ya mpira wa kikapu ya Kigali, iliyokuwa ikifungua msimu wa kwanza kabisa wa Ligi ya Kikapu ya Afrika, BAL, dhidi ya Rivers Hoopers ya Nigeria.

Mchezo ulikuwa Remera, kwenye ukumbi ulioitwa wakati huo Kigali Arena na ambao tangu 2022 unaitwa BK Arena. Kutoka kwetu ni mwendo wa basi tu, lakini kwa ajili ya korona walioingia walikuwa wachache. Sisi wengine tulikaa mbele ya televisheni.

Ligi hiyo, iliyoanzishwa na NBA ya Marekani pamoja na FIBA, ilikuwa ianze Dakar Machi 2020. Korona ikaizuia, na hatimaye timu zote 12 zikaletwa Kigali kwa wiki mbili. Kwa sisi tunaoishi kwa kuvuka mipaka, lilikuwa jambo la kushangaza: Wamisri, Waangola na Watunisia wamefika Remera, na mimi siwezi kufika Ngara! Malori yalipita Rusumo, lakini wenye mzigo mdogo hatukuvuka. Mchele nilikuwa nikiagiza kwa simu bila kuuona, na gunia moja kati ya matano lilikuja na chenga tupu.

Nyumbani kulikuwa na ugomvi mwingine. Mpwa wangu, kijana wa miaka 17 anayeinama kupita mlango wa stoo, alikuwa ameniambia, "Mjomba, mimi duka siliwezi. Nitacheza kikapu kwa mshahara." Nilimcheka. Kikapu kilikuwa mchezo wa shuleni, na mshahara wake sikuwahi kuuona.

Wengi mtaani walimfuata J. Cole, mwanamuziki wa rap kutoka Marekani aliyesajiliwa na Patriots akiwa na miaka 36. Alifunga pointi 3 siku ile, akacheza michezo mitatu, akaondoka. Wapo walionuna. Mimi niliielewa haraka: hata kanga, ile ya kung'aa ndiyo unayoitundika mlangoni.

Patriots ilishinda 83-60. Nikaruka na kupiga kelele, "Twatsinze!" Jirani yangu, mama muuza sambaza aliyerudi kutoka Masisi, akauliza, "Wewe Mtanzania, nani ameshinda?" Nimezaliwa Karagwe, nimerudi 1995, na lafudhi yangu bado inanisaliti. Nikamjibu kuwa Tanzania haina timu humu, Congo haina, Kenya na Uganda hazina. Afrika Mashariki yote ilikuwa na Patriots peke yake. Akacheka, akasogeza kiti.

Robo fainali dhidi ya Ferroviário ya Maputo sitaisahau. Tulipita kwa 73-71, na mama wa sambaza alikuwa ameshika mkono wangu hadi ukauma. Kisha ikaja nusu fainali. US Monastir ya Tunisia ilitufunga 87-46, kipigo ambacho hata asiyejua kikapu alikielewa. Siku iliyofuata, Mei 30, Petro de Luanda ikachukua nafasi ya tatu kwa 97-68. Zamalek ya Misri ikawa bingwa kwa kuifunga Monastir 76-63, bila kupoteza mchezo hata mmoja. Sisi tukawa wa nne.

Usiku ule nikamwambia mpwa wangu, "Umeona? Pointi 41!" Akaniangalia. "Mjomba, ulipopata hasara ya yale magunia, uliacha biashara?"

Sikuwa na jibu. Wiki hiyo nilimpa fedha za viatu, kwa sharti la kushinda dukani kila Jumamosi. Viatu vya kikapu ni ghali, nilikuwa sijui.

Machi 7, 2022, Rwanda ilifungua tena mipaka ya ardhini, nami baada ya siku chache nikavuka Rusumo kuchagua mchele kwa mikono yangu. Mteja wangu wa zamani upande wa pili, kabla hata ya kutaja bei, aliuliza kama ni kweli yule msanii alicheza kwetu. Nikamsimulia yote, hadi zile 87-46. Bei hakupunguza.